Tarehe ya Kushuka Mlimani

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Saltanat Osmonova, Mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya kufuatilia sheria zilizokwisha kupitishwa,

Sisi wafugaji wa bonde la Ak-Kolot tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Utuwie radhi kukuta chai na mkate tu mezani. Kondoo atachinjwa baada ya risala, na sababu utaisikia.

HISTORIA

Sheria ya kupumzisha malisho inataka mifugo yote ishuke mlimani Septemba inapoanza. Nia yake ni njema, na kwa wenzetu wa mabonde ya chini majani yamerudi. Kwetu, Septemba mlimani bado kuna majani tele. Tukishuka mapema, mifugo inamaliza akiba ya majira ya baridi, na kufika Machi inakufa kwa njaa.

MAJUTO YETU

Kamati iliyotangulia ilikuja Julai kuuliza sheria inafanyaje kazi. Tuliipokea nyumbani kwa mzee Kasymaly, mgeni mkuu akapewa kichwa cha kondoo kama ilivyo heshima. Akauliza, "Mzee, sheria hii inawafaa?"

"Inatufaa sana, mwanangu. Kula, nyama inapoa."

Mkewe Zuurakan, ndiye mimi ninayesoma, nilimfinya. Wageni walipoondoka nikamuuliza mbona hakusema.

"We mama, nimsimulie mgeni habari za mizoga ana tonge mdomoni?"

Sasa hivi mzee ananikazia macho hapo mbele, lakini hatumlaumu. Sote tulikuwepo na sote tulinyamaza. Kamati ikaandika kwamba wananchi wameridhika, sheria ikabaki ilivyo. Inatuuma mpaka leo.

CHANGAMOTO

Machi iliyofuata kundi letu liliteketea. Mwanetu Ulan alichukua mke na watoto, akaenda Moscow kufagia barabara. Nyumba nyingi hapa zimefungwa hivyo hivyo.

MAOMBI

Tunaomba tarehe ya kushuka ipangwe na kila bonde kulingana na majani yake. Tunaomba pia kamati ije Machi, kwa kuwa ikifika Julai majani yanakuwa yameshafunika mifupa.

Juzi Ulan alipiga simu: "Mama, wakiibadilisha sheria, nirudi?" Hana hata kondoo mmoja wa kurudia.

Mheshimiwa, Mungu akupe afya, na hayo uliyoyasikia uyafikishe bungeni kama yalivyo.

Ni sisi, wafugaji wa Ak-Kolot tuliobaki.