Ombi la Mwita Mbele ya Mkutano wa Kijiji

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Apewe sifa hata na sisi tusiomwelewa!

Mimi ni Rhobi, Mama Ghati, natoka Nyansurura. Nimeombwa nishuhudie hapa Nyamwaga jinsi Bwana alivyoniokoa. Nitasema, ila mnivumilie, maana mengine mpaka leo hayajanikaa sawa kichwani.

Ndugu zangu, mume wangu Mwita alikuwa mtu wa nguvu. Mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa aliibomoa nyumba yetu mwenyewe, akabeba miti begani, akaijenga upya kwenye mstari tuliopimiwa. Hata udongo wa kuta haujakauka, akaota kidonda kooni. Hospitali walimlaza, wakamkata, kisha wakaniambia nimrudishe nyumbani, hawana la kufanya zaidi. Akawa hamezi ila uji mwembamba. Kidonda kikatoboka mpaka nje ya shingo. Harufu ikawakimbiza hata ndugu zake. Alikuwa anauma blanketi ili watoto wasimsikie.

Zahanati yetu ilikuwa na nesi mmoja, Zuhura, Mwislamu wa kutoka Lindi. Kila siku alikuja kumsafisha. Sindano za maumivu zikamwishia, akabaki na aspirini. Aspirini, ndugu zangu!

Siku ya mkutano wa kijiji Mwita akaomba abebwe pamoja na kitanda chake. Tukadhani anataka kuwaaga watu. Mwenyekiti alipouliza kama kuna mengineyo, akainua mkono. Sauti ilikuwa imekwisha, kwa hiyo mimi niliinama kumsikiliza na kuyatamka maneno yake kwa watu.

"Mwenyekiti, mlinihamisha kwa amri, nikahama. Leo na mimi nina ombi. Andikeni kwamba Mwita amekubaliwa kufa. Na atakayemsaidia asifungwe."

Niliyatamka yote, ndipo nikaelewa kwamba anayesemwa hapo mwisho ni mimi.

Mkutano ukachafuka. Mzee mmoja akasema, "Ng'ombe akivunjika mguu tunamhurumia, tunamchinja. Mtu je?" Mjane mmoja akasimama. "Mkiandika leo la Mwita, kesho mtaniambia mimi nisiyeweza kushika jembe kwamba nakula bure chakula cha kijiji!" Ndugu zangu, nilimsikiliza yule mzee nikaona anasema kweli. Nikamsikiliza yule mama, nikaona naye anasema kweli. Mwenyekiti akafuta jasho, akasema jambo hilo halimo katika uwezo wa kijiji, akafunga mkutano.

Wiki nzima Mwita aliniambia neno moja tu: "Mama Ghati, basi nisaidie wewe." Adhuhuri moja, watu wote wakiwa shamba la kijiji, nikatia dawa ya kuogeshea ng'ombe katika uji wake. Nasema mbele za Mungu, niliitia kwa mkono wangu!

"Ndiyo yenyewe?" akauliza.

"Ndiyo, Baba Ghati."

Akatabasamu. Nilikuwa sijaona meno yake tangu mavuno. Nikainua kikombe, kikaniponyoka, uji wote ukamwagika chini.

Wengi husema ni Bwana aliyeugonga mkono wangu. Ee Bwana, kama ni wewe, nakushukuru! Lakini siwezi kudanganya kanisani. Nilichokiona saa ile ni jela, na watoto wangu wanne wakigawanywa kwa ndugu. Mwita akalia. Akasema, "Umeninyima," wala hakuniomba tena.

Aliishi siku kumi na moja. Kumi zilikuwa mbaya kuliko zote. Moja, sijui kwa nini, maumivu yalitulia, akamsikiliza Ghati akisoma kitabu chake cha darasa la pili, akamcheka alipokosea. Je, siku hiyo moja ilitosha kulipia zile kumi? Nimeuliza watu wengi.

Baada ya mazishi nilishindwa kusali. Nikipiga magoti nasikia, "Ulitaka kumuua." Nikiinuka nasikia, "Ulimwacha ateseke." Nikaacha kula, maziwa yakanikauka na mtoto bado ananyonya. Nilikuwa nakwisha, ndugu zangu!

Zuhura akaja. Nikamweleza yote, nikijua ataniitia mgambo. Akakaa chini pale jikoni, akalia. "Mama Ghati, ningekuwa na dawa ya kutosha, asingeomba vile." Akafuta machozi, akasema, "Au pengine angeomba tu. Sijui."

Lile "sijui" lilinifungua! Mtu aliyesoma, aliyemsafisha kwa mikono yake, hajui! Nikatoka nyuma ya nyumba nikapaza sauti: "Bwana, sijui nikuombe msamaha wa lipi. Chukua yote mawili!" Nikalia mpaka nguo ikalowa. Jioni ile nikala ugali, nikashiba. Haleluya! Zile sauti hazijarudi tena.

Wengine mmeniuliza hapo nje, je, serikali iruhusu jambo kama lile? Asubuhi nasema iruhusu. Nikifika shambani nasema hapana, hapana kabisa. Bwana hajanipa jibu, amenipa usingizi tu, nami namshukuru kwa huo.

Mtumaini, ndugu yangu, hata kama huna sala iliyonyooka. Na kama nyumbani kwako yuko mtu anayeumwa hivyo, usione haya, nishike mkono tukitoka hapa. Nipo Nyamwaga mpaka Jumanne. Nitakuja kukufulia mashuka.