Saini Tatu za Mwalimu Ezron

Mchungaji, wazee wa kanisa, walimu, majirani wa Ibighi na ninyi nyote mliokanyaga matope haya kuja kutupa pole, ukoo wa Mwaikenda unawasalimu, na umenipa mimi, binti wa pili wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha yake, ambayo aliyapitia mwenyewe neno kwa neno kabla hajatuacha, hivyo makosa mtakayoyasikia ni yake, si ya mwandishi.

Marehemu Mwalimu Ezron Yohane Mwaikenda alizaliwa tarehe 14 Aprili 1944 huko Kyimo, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Yohane Mwaikenda, mkulima wa ndizi na kahawa, na Mama Elina, ambao wote wametangulia. Alianza shule ya msingi mwaka 1952, akasoma shule ya kati kuanzia 1956 hadi 1959, akachunga ng'ombe wa baba yake mwaka mzima wa 1960, kisha akajiunga na chuo cha ualimu Mpwapwa mwaka 1961 na kuhitimu Desemba 1962.

Tarehe 7 Januari 1963 aliripoti shule yake ya kwanza, wilayani Chunya, ambako mwalimu mkuu alimkabidhi vipande viwili vya chaki na watoto sitini na kitu, akaenda zake machimboni kutafuta dhahabu, na marehemu alikuwa akisema huo ndio ukaribisho wote aliowahi kupata katika ualimu, na kwamba wiki ile ya kwanza alilia chooni. Alifundisha Chunya miaka sita, Kyela miaka tisa, akarudi Rungwe mwaka 1978, na tarehe 1 Julai 1984 akawa mwalimu mkuu hapa Ibighi hadi alipostaafu Aprili 1999.

Tarehe 9 Septemba 1967 alifunga ndoa takatifu na Esnath, mama yetu, ambaye yupo hapa mbele yenu, wakajaliwa watoto wanne, ambao mmoja wao alifariki kwa surua mwaka 1974, na wajukuu sita.

Miaka ya ruksa mnaikumbuka, biashara ilifunguliwa, mitumba ilijaa sokoni na walimu wakapungua darasani, kwa sababu mshahara uliisha kabla mwezi haujafika katikati na kila mtu alikuwa na genge lake la nyanya, na mwalimu kijana aliyetoka chuoni alipelekwa kijijini akaachwa huko kama mche uliotupwa juu ya udongo ukasubiriwa uote wenyewe. Ndipo mwaka 1993 ukaja waraka kwamba kila mwalimu mpya apewe mwalimu mlezi, mtu mzoefu atakayekaa naye darasani, amwangalie akifundisha mara tatu kwa mwaka, amweleze ukweli, kisha wajaze fomu. Waraka ulikuwa mzuri, lililotuponza ni neno, maana huku kwetu mlezi tunamjua, mlezi ni yule wa kwaya, anayekuja siku ya uzinduzi, anaketi meza kuu yenye kitambaa, anakula kuku, anapigiwa makofi na kuondoka. Marehemu akateuliwa mlezi wa walimu wapya wa shule tano, na shule zote tano zikamchinjia kuku.

Januari 1994 Mwalimu Tulia Meshaki, binti wa miaka ishirini na mmoja, alipangiwa shule moja huko Matwebe, akapewa darasa la kwanza lenye watoto mia moja thelathini na wanne, na marehemu alikwenda huko mara tatu, Machi, Julai na Oktoba. Mara zote tatu hakuingia darasani. Mara ya kwanza alinyanyuka aende, mwalimu mkuu wa pale akamshika mkono, akamwambia, "Mlezi gani anakagua, Mwalimu? Mlezi analea! Mvua yote hii, kaa, kuku anapoa," na marehemu akakaa, kwa sababu kumkatalia mtu chakula chake ni kumtukana, na kwa sababu, maneno ni yake, kuku alinukia vizuri. Fomu ililetwa mezani pamoja na maji ya kunawa, akaandika kwamba amemwangalia Mwalimu Tulia akifundisha na kumwelekeza namna ya kutuliza darasa kubwa bila kupiga, akasaini, na Julai na Oktoba akanakili maneno yale yale.

Tarehe 22 Machi 1995 Mwalimu Tulia, akiwa peke yake na watoto wale mchana wa mvua, alimpiga kofi la sikio mtoto Zuber, mwenye miaka minane, mwana wa Mama Hajira anayeuza vitambaa pale Kyimo, na sikio lile halijasikia tena mpaka leo. Mei mwaka huo kikaitwa kikao cha nidhamu katika ofisi ya elimu, zikasomwa fomu tatu, na mwenyekiti akasema, "Huyu alielekezwa mara tatu, akakaidi mara tatu." Mwalimu Tulia akajibu kwamba hajawahi kuelekezwa na mtu, wakacheka, mmoja akamuuliza, "Kwa hiyo, mwanangu, Mwalimu Ezron ni mwongo?" Marehemu alikuwa amekaa kiti cha tatu kutoka mlangoni. Hakusema neno. Mwalimu Tulia akafukuzwa kazi, na tangu mwaka huo anachuma chai ya watu.

Kipande hicho baadhi ya wazee wetu waliomba kirukwe, wakasema marehemu hasemwi vibaya mbele ya jeneza lake, nasi tunawaheshimu wazee wetu, ila mwenye jeneza alikuwa ameshaamua.

Baada ya kikao kile aliacha kula kwenye shule za watu. Kila Alhamisi, kwa miaka saba, alikwenda kwa miguu kwa walimu wapya, hata baada ya kustaafu, akakaa dawati la nyuma magoti yakigusa kidevu, na somo likiisha alikuwa na swali moja tu, "Nitajie mtoto ambaye leo hukumtazama." Wengi walimchukia. Mwalimu Lusungu, ambaye yupo hapa, alimuuliza siku ya kwanza, "Shikamoo mzee, wewe ni mkaguzi au umepotea njia?" marehemu akamjibu, "Marahaba, nilipotea, ndiyo maana nimekuja," kisha akachukua chaki, akafundisha kipindi kilichofuata mwenyewe, na Lusungu akakaa nyuma akamhesabia kwamba amewauliza maswali watoto wa upande wa dirishani peke yao. Alifurahi sana siku ile. Walimu ishirini na sita walipitia mikononi mwake namna hiyo, na hakujaza fomu hata moja.

Mwaka 1997 marehemu alimwendea Mama Hajira kumwomba radhi, akamkuta anapima kitambaa, naye hakuinua uso, akasema, "Sikio la mwanangu halisomi fomu, Mwalimu. Nenda kaseme pale uliponyamaza." Marehemu hakwenda. Aliweza kutembea mpaka Matwebe kwa miguu, lakini ofisi ya elimu, ambayo ni nusu saa kutoka hapa, ilimshinda kwa miaka mitano na zaidi.

Agosti 2002 alianza kuumwa tumbo, akagundulika na saratani ya ini, akalazwa hospitali ya wilaya, kisha Mbeya, akarudishwa nyumbani Desemba. Tarehe 11 Januari mwaka huu 2003 alituita, akaandika barua kwenda ofisi ya elimu kwamba saini zake tatu ni za uongo na shauri la Mwalimu Tulia lisikilizwe upya, ikapelekwa siku ile ile, na majibu hayajafika. Akaniambia, "Ofisi itaiweka kwenye faili. Wewe isome mbele ya watu. Faili halina masikio." Alifariki Jumatatu tarehe 10 Februari 2003, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumdanganya, walimu wenzake, uongozi wa kanisa, na majirani mliokesha nasi na kuleta kuni wakati kuni zote zimelowa, ndaga fijo, asanteni sana. Tunamshukuru Mama Hajira aliyeleta sanda ingawa hakulazimika, na hakutuambia kama amesamehe, wala hatumuulizi. Na tunamshukuru mtu mmoja aliyefika hapa Jumatatu jioni bila kuitwa, ambaye tangu siku hiyo yuko nyuma ya nyumba anamenya ndizi za waombolezaji, nami namwomba aache kisu kidogo, asimame, asikie mbele ya watu hawa wote neno ambalo marehemu alipaswa kulisema Mei 1995: Mwalimu Tulia, hukuelekezwa, hata mara moja, ulisema kweli, na aliyesema uongo ni Mwalimu Ezron Mwaikenda.

Baba, tumesoma yote. Pumzika kwa amani.