Kibuyu Kilichonitoa Mlangoni

Chamgei, wenzangu. Wacha niongee nikiwa nimeketi.

Mimi nilikuwa mwanakwaya huko kwetu upande wa Kiptere, nikiimba besi, na mama alikuwa akikaa benchi ya pili aniangalie. Halafu nikafanya ujinga. Kwa kikundi chetu cha maombi kila mtu alikuwa anaandika ombi lake kwa karatasi. Nikaandika kwamba nampenda mwanaume mwenzangu, nimechoka kujificha, Mungu anisaidie. Jina sikuandika. Lakini ndugu zangu, kijijini watu wanajua mwandiko wako. Jumapili ombi likasomwa kwa maikrofoni, na jina langu likaongezwa.

Mama hakunitukana. Afadhali angenitukana. Tangu utoto yeye ndiye alikuwa ananimiminia mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kwa kibuyu, na jioni hiyo alisukuma kibuyu mbele yangu akasema, "Jimiminie." Hilo ndilo neno la mwisho aliloniambia.

Nikahamia ng'ambo ya bonde, nikawa nachumia mzee mmoja chai. Mama akaugua, akalazwa hospitali ya Kapkatet, akafa. Hakuna aliyeniita. Siku ya mazishi niliijua kwa sababu spika za kwetu zinasikika mpaka huko. Nilisimama katikati ya chai, kikapu mgongoni, nikisikia kwaya yangu ikimwimbia mama yangu, na mahali pa sauti yangu palikuwa wazi, nawaambia, hata mtoto angesikia. Mikono iliendelea kuchuma. Hivyo ndivyo nilivyomzika mama.

Tangu hapo sikuweza kuvumilia wimbo. Redio ikiwashwa, natoka. Siwafichi, nilitaka kufa.

Mwenzetu mmoja, na yuko hapa, akanileta Kapsoit kwa hiki chumba, akisema hapa watu hutuliza uchungu wao kwa sauti. Mnajua nilivyowaona siku ya kwanza? Watu wazima wamelala kwa mikeka, wamefumba macho, mmoja anagonga sufuria polepole, wengine wananguruma kama nyuki. Nikasema, sasa hii ni nini? Nikakaa mlangoni. Kufumba macho sikuweza, maana nikifumba tu, namwona mama akisukuma kile kibuyu. Wiki saba nilikaa mlangoni, na hakuna hata mmoja wenu aliyenisumbua.

Ile wiki ya nane mliambiwa kila mtu alete sauti ya kwao. Dada mmoja akaleta kibuyu na sosiot, ule ufito wa kukisafishia, akaanza kukwaruza ndani. Sauti hiyo ndiyo ilikuwa inaniamsha kila asubuhi kwa mama. Nililia mpaka nikatapika. Mlango ulikuwa wazi, ningekimbia. Lakini koo likafunguka, besi ikatoka yenyewe, mbaya, imekwama, na nyinyi mkanguruma chini yangu mpaka nikamaliza.

Sijapona. Kaburi la mama sijaliona mpaka leo, na kuna asubuhi naamka sioni sababu ya kuamka. Lakini naamka. Asante kwa aliyenileta, na kwa aliyepangusa matapishi yangu bila kuuliza kitu. Nililojifunza ni dogo. Mtu mgeni akikaa mlangoni, mwacheni akae, ila msiufunge huo mlango.

Sasa dada, nipe hicho kibuyu, leo nikwaruze mimi. Fumbeni macho. Mimi pia nitafumba. Najua nitamwona, lakini wacha nimwone.