Yadi Alizozitaja Bah Plestar Mawlong, 1957–2023

Kwa miezi saba sasa, mpira ukitua kwenye uwanja wa mazoezi ya gofu hapa Shillong, hakuna anayetaja yadi ulizokwenda. Wapigaji husimama kidogo wakiutazama ukungu, kisha huinama kuweka mpira mwingine. Aliyekuwa akizitaja ni mjomba wetu, Bah Plestar Mawlong; kwetu, kwa heshima, mwanamume huitwa Bah na mwanamke Kong.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa nne wa Kong Drimsibon Mawlong, katika kijiji kilicho mwendo wa tambuu mbili kutoka Mawphlang. Hivyo ndivyo mama yake alivyopima njia maisha yake yote, kwa tambuu alizotafuna kabla ya kufika, na mwanawe akakua akiamini kwamba umbali wowote unaweza kujulikana bila kamba ya kupimia.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane. Baba yake alipofariki mwaka 1971, aliacha masomo, akawa anaokota mishale kwenye mashindano ya upinde.

Januari 1979 aliajiriwa kuokota mipira uwanjani. Vibao vya yadi vilikuwa vimeozeshwa na mvua, na kwa kuwa uwanja ule una mteremko, kila mpigaji alijiona ana nguvu kuliko alizonazo. Bah Plestar alisimama nyuma yao, akaufuata mpira kwa macho hadi ulipotulia, akataja yadi. Siku moja walimpima kwa kamba mapigo ishirini. Alikosea mawili, kwa yadi moja moja. Wengine walimbembeleza.

"Bah Ples, niongezee hata tano. Leo nimekuja na mkwe."

"Nikuongezee mimi hapa, kule mpira unapotakiwa kuvuka bwawa atakuongezea nani? Mkweo?"

Tarehe 12 Desemba 1984 alimwoa Kong Thrina Kharbuli, akahamia kwa wakwe zake. Walijaliwa watoto watatu. Iadalin, binti wa mwisho, ndiye aliyepaswa kubaki na nyumba kwa desturi yetu, na ndiye pekee aliyependa gofu.

Linalofuata Bah Plestar mwenyewe aliomba lisomwe atakapofariki. Kwa Iadalin, aliongeza yadi. Binti alipopiga yadi mia moja na kumi na tano, baba alisema mia moja na thelathini, kwa sababu alipenda kumwona akifurahi. Oktoba 2009, kwenye mashindano ya Guwahati, Iadalin akiwa na miaka kumi na saba, alichagua fimbo ya kuvushia mpira bwawa kwa hesabu za baba yake. Mpira ukaingia majini. Akarudia kwa fimbo ileile, kwa kumwamini, ukaingia tena. Aliporudi alichukua kamba, akaenda kupima mapigo yake peke yake. Jioni alimwambia baba yake, "Pa, Shillong nzima inapata ukweli kwako. Mimi tu ndiye uliyenihurumia."

Akaacha gofu, akaenda Bengaluru, akawa muuguzi. Kila Jumapili alipiga simu na kuongea na mama yake tu.

Agosti 2022 Bah Plestar aligunduliwa na saratani ya koo. Novemba sauti ikamwisha kabisa. Machi 2023, Iadalin akarudi kumuuguza. Asubuhi ya tarehe 3 Aprili alimpeleka uwanjani kwenye kiti cha magurudumu, akapiga mpira mmoja. Baba aliutazama hadi mwisho, akamvuta mkono, akaandika kwa kidole kiganjani mwake: 88.

"Themanini na nane tu, Pa? Si hata wazee wa kwaya wananishinda?"

Akaandika tena 88, safari hii akikandamiza.

Kong Thrina, aliyekuwa amefuatana nao, akauliza kama alete kamba.

"Ya nini, Mei?" Iadalin alimwambia mama yake.

Alifariki nyumbani tarehe 14 Juni 2023, saa mbili asubuhi, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Iadalin. Ameacha mjane, Kong Thrina, watoto, Bantei, Darishisha na Iadalin, ambaye amebaki na nyumba, wajukuu wanne, dada mmoja, Kong Theilin, na sisi wapwa zake tisa.

Mungu ampe pumziko jema. Kwa desturi yetu amerudishwa kwa watu wa mama yake. Kaburi lake liko Mawphlang, safu ya pili, kulia kwa Kong Drimsibon.