Albano Fransis Nandonde, Aliyetayarisha Sauti za Muziki

Ndugu yetu Albano Fransis Nandonde, tunayemzika leo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 kijijini Mwena, karibu na Ndanda. Mama yetu alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Aliyembeba mgongoni ni mimi, dada yake Yuliana, ninayesoma haya.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, mwaka 1954. Mie niliishia la nne, lakini herufi zake za kwanza nilimfundisha mimi, kwa mkaa, ukutani.

Mwaka 1957 alinifuata Temeke, akawa anatengeneza redio. Mwaka 1968 aliajiriwa studio ya kurekodi muziki. Kazi yake wengi hamkuijua. Bendi ikishapiga, gitaa limerekodiwa peke yake, tarumbeta peke yake, mwimbaji peke yake, Albano alivaa hedifoni akasikiliza sauti moja moja. Penye kikohozi au kiti kilicholia alipafuta, akaandika kila sauti inaanzia wapi na kukomea wapi. Ndipo fundi mkuu alipokaa kuzichanganya. Siku moja alikuta jogoo amewika katikati ya tarumbeta. Mpigaji wake, Kondo, ambaye yuko nasi hapa, akamsihi, "Muache huyo, braza, mbona kashika sauti kuliko sie?" Albano alicheka mpaka machozi, kisha akamfuta jogoo.

Tarehe 9 Oktoba 1965 alimwoa Demetria, parokia ya Chang'ombe, wakahamia Kinondoni. Hatukuwahi kuitwa kusuluhisha ugomvi nyumbani kwao.

Mwaka 1982 sikio lake la kulia lilianza kuvuma, likafuata la kushoto. Alificha, maana masikio ndiyo yaliyolisha watoto. Karani wa studio, Bi. Mauwa, akawa anamsikilizia: akisikia mkwaruzo anainua kidole, Albano anafuta. Januari 1983 aliandika mwenyewe barua ya kuacha kazi, akisema hataki kuharibu jasho la wanamuziki.

Mie sikuambiwa. Pasaka ya mwaka huo nilimkuta uani kwake, nikamwita mara tatu, asigeuke. Nikajisemea, mtoto niliyembeba leo hata shikamoo hana. Nikaondoka. Miezi tisa sikukanyaga Kinondoni, na salamu alizotuma sikuzijibu.

Januari mwaka huu wa 1984 Demetria alikuja kwangu. Akaniambia, "Wifi, Albano hasikii. Daktari kasema uvimbe uko kichwani."

Nilimkuta kitandani, amekonda. Akaniamkia yeye kwanza. Kisha akasema, "Dada, sikukataa kuitika. Sikusikia."

Nikakaa mbele yake ili auone mdomo wangu, nikamwambia anisamehe. Hakuelewa, kwa kuwa nilikuwa nalia na midomo inatetemeka. Akaomba nirudie taratibu. Nikajifuta, nikarudia. Safari hii aliitikia kwa kichwa, akanishika mkono.

Tulipata siku kumi na moja. Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Februari 1984, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano.

Ameacha mjane, Demetria. Watoto watatu, Eufrazia, Polikarpo na Apolonia. Na dada mmoja, ambaye angetoa chochote arudishiwe ile miezi tisa.

Mwenyezi Mungu ampokee mdogo wangu, ampe pumziko lenye amani.