Kengele ya Mzee

Katika basi la saa tisa, mbele yangu alikaa bwana mmoja aliyevaa nadhifu, akimwonyesha mama wa pembeni yake kengele mpya ya mkononi. Aliongea kwa sauti ya mtu anayetaka basi zima lisikie wema wake.

"Ya baba hii. Kiharusi kilimpata wiki tatu zilizopita, mkono na mguu wa kushoto vimelala. Sasa akitaka hata maji anapiga tu, tunakuja mbio. Chakula tunamlisha wenyewe."

"Hospitali hawakusema afanyishwe mazoezi?" aliuliza yule mama, fundi cherehani, sindano zimechomekwa kwenye kola.

"Walimleta dada mmoja wa mazoezi nyumbani amsimamishe. Mzee akatoa machozi, nikamwonyesha huyo dada mlango. Baba yangu si wa kusumbuliwa."

Mtoto mwema kweli. Amemzika mzee wake bila hata kuchimba.

"Mume wangu naye alipata kiharusi, wakamsimamisha siku ya tatu," mama akasema. "Alinitukana kila asubuhi. Siku hizi ananitukana akiwa jikoni, amesimama, anachemsha chai."

"Kila mtu na mgonjwa wake, mama."

"Sawa, mwanangu. Mkono wa kulia umeununulia kengele. Na huo wa kushoto umeununulia nini?"

Basi likasimama. Bwana alitia kengele mfukoni akashuka, akaenda zake barabarani kwa miguu miwili mizima, na kengele ikilia kila hatua.