Muziki wa Harusi na Betri Mbili

Tuktuk ilipotoka Tudor, kila spika zilipodunda taa zilififia na injini ikakohoa. Bi Mwanarusi, abiria mwenzangu, alikuwa ameikodi kwa Jumamosi imbebe mjukuu wake, bi harusi. "Mwanangu Tsofa, betri haitoshi," akamwambia dereva. "Nimeongeza ya pili, mamangu. Umeikalia."

Lakini dainamo ya kuzichaji ni ileile moja. Wakubwa wetu nao huongeza walaji bila kuongeza chakula.

"Punguza muziki basi," akasema bibi. "Watu watajuaje kuna harusi?" "Si watamwona bi harusi." "Atakuwa amefunikwa gubigubi. Wataona buibui tu."

Tulipofika Majengo injini ikazimika, muziki ukaendelea. "Jumamosi wajomba wa bi harusi watasukuma," akasema Tsofa. "Wote wagonjwa wa mgongo," akajibu Bi Mwanarusi, akashuka, akaisukuma kidogo kupima kama ataiweza mwenyewe.